Sangara Aliletwa kwa Ajili ya Nani?

Ukisoma matangazo ya Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo utakuta wanakuvutia kwa sokwe, tembo, ndege, halafu uvuvi. Uvuvi wenyewe si huu wa nyavu na karabai tunaoujua. Ni uvuvi wa burudani. Unapanda boti asubuhi, unapewa fimbo yenye mshipi, kiongozi anakupeleka pembeni mwa miamba, na kabla jua halijawa kali umesharudi. Nusu siku tu, na hata kama hujawahi kushika ndoano maishani unakaribishwa. Samaki anayetafutwa ni sangara. Ukimpata unapiga naye picha, kisha unamrudisha majini.

Sisi tuliokulia Biharamulo, hilo la kumrudisha samaki majini linatuchekesha kidogo. Zamani wilaya yetu ilifika hadi ziwani, kabla Chato haijawa wilaya yake na baadaye kuhamia Mkoa wa Geita. Sangara alifika mjini kwa baiskeli na kwa basi, akakatwa vipande, na mwenye hela kidogo akanunua kichwa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna mtu analipa ili amvue halafu amwachie. Lakini mchezo huu si mgeni aliyekuja na kambi za watalii. Una umri mkubwa kuliko hifadhi yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1977, na kwa sehemu fulani ndio uliotuletea huyo sangara.

Turudi nyuma. Waingereza waliokuja kutawala na kulima huku walikuja na starehe zao, na mojawapo ilikuwa kuvua kwa fimbo. Pwani hawakupata shida. Bahari ya Hindi ilishajaa samaki wakubwa wenye kupigana, kina nduaro na jodari, na mgeni alihitaji boti na nahodha mwenyeji anayejua wapi pa kwenda. Ernest Hemingway alipomaliza safari yake ya kuwinda Tanganyika, mapema mwaka 1934, alishuka Malindi akavua. Hakuleta samaki. Alimkuta.

Bara ilikuwa kesi nyingine. Mito ya milimani Kenya haikuwa na samaki wa kumridhisha bwana huyo, basi akawaagiza. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule mlowezi maarufu, aliingiza mayai ya trauti kutoka Scotland, na samaki hao wakapandwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Miaka ya 1920 ikawa zamu ya Ziwa Naivasha kuletewa samaki wa Marekani. Ukiwa na ziwa ambalo samaki wake hawakufurahishi, unawabadilisha tu, kama mtu anayebadilisha makochi sebuleni.

Ziwa Victoria halikuwa tupu, wala halikuwa maskini. Lilikuwa na ngege, samaki mtamu aliyelisha miji ya mwambao. Lilikuwa na ningu, kambare, kamongo, na zaidi ya yote furu: samaki wadogo wa urefu wa kidole au kiganja, ambao wanasayansi walikuja kuhesabu aina zao zaidi ya 500, nyingi zikiwa hazipatikani popote pengine duniani. Mwingereza Michael Graham alilizunguka ziwa mwaka 1927 na 1928 kufanya utafiti wa kwanza mkubwa wa uvuvi. Tayari aliona kwamba nyavu za makila, zilizoingia mwaka 1905, zilikuwa zinammaliza ngege. Akaonya pia kwamba kuleta samaki mkubwa mla samaki kutoka maji mengine kungekuwa hatari kubwa. Ripoti yake ilitoka 1929. Onyo lilikuwepo kwenye karatasi miaka ishirini na mitano kabla ya kosa.

Kwa mvuvi wa fimbo, furu ni kero. Anakula chambo na hana mapambano. Huko chini, kwenye Ziwa Albert na Mto Naili chini ya maporomoko ya Murchison, kulikuwa na sangara anayeweza kuzidi urefu wa mtu na kufika kilo 200. Maporomoko ndiyo yaliyomzuia asipande.

Miaka ya 1950 mabishano yalianza Uganda. Upande mmoja ilikuwa idara ya wanyamapori na uvuvi ya serikali ya kikoloni, chini ya Bruce Kinloch, mwanajeshi wa zamani na mpenzi mkubwa wa kuvua kwa fimbo. (Ndiye huyohuyo aliyekuja Tanganyika mwaka 1960 kuwa mkuu wa idara ya wanyamapori, na aliyeanzisha chuo cha Mweka. Watu wengi tunaowasifia uhifadhi wana kurasa kama hizi.) Idara ilikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ni chakula: furu ni takataka, sangara atawageuza kuwa nyama. Ya pili ni burudani: ziwa litapata samaki wa kuvutia wageni wenye fimbo. Upande wa pili walikuwa watafiti wa kituo cha uvuvi cha Afrika Mashariki pale Jinja. Mmoja wao, Geoffrey Fryer, aliandika mwaka 1960 kupinga. Hoja yake inaeleweka hata na mtu aliyefuga kuku: mla nyama hazalishi chakula kipya, anakula kile kilichopo na kingi kinapotea njiani.

Kumbe wakati wanabishana, samaki alishaingia. Mtafiti Robert Pringle, katika makala aliyoitoa 2005 kwenye jarida la BioScience, alikusanya ushahidi kwamba watu wa idara waliwaachia sangara kimyakimya pale Jinja mwaka 1954. Mwaka huohuo ndio bwawa la Owen Falls lilifunguliwa. Mmoja wa waliotoa ushahidi alikuwa mfanyakazi Mwafrika wa idara, aliyesema alitumwa kufanya kazi hiyo. Kufikia 1960 sangara walikuwa wananaswa ziwani, na mwaka 1962 na 1963 wakapandikizwa tena, safari hii rasmi, kwa sababu sasa cha kuficha hakikuwepo.

Hapa nataka kuweka rekodi sawa. Filamu ya Hubert Sauper ya mwaka 2004, ile ya Mwanza na mapanki iliyomkasirisha hadi Rais Kikwete, inamtambulisha sangara kama jaribio dogo la kisayansi. Hapana. Wanasayansi waliokuwa karibu na ziwa ndio waliosema asiletwe. Walioamua walikuwa maofisa wenye mawazo ya maendeleo kichwani na fimbo ya kuvulia mkononi. Sisemi burudani ilikuwa sababu pekee, wala kwamba hoja ya chakula ilikuwa uongo. Lakini hoja ya chakula ungeweza kuijibu kwa samaki wengine wengi. Samaki mwenye kilo mia na ushee unamchagua ukiwa na ndoto nyingine pia.

Kilichofuata kinajulikana, nitapita haraka. Kwa miaka ishirini hivi sangara alikaa kimya, halafu miaka ya 1980 akalipuka. Watafiti wa Kiholanzi kutoka Leiden, waliofika Mwanza mwaka 1977 kuwachunguza furu, walijikuta wanaandika tanzia: aina zinazokadiriwa kufika 200 zilipotea machoni mwao. Mwanzoni hata walaji hawakumpenda sangara. Ana mafuta mengi, huwezi kumwanika juani kama furu, inabidi umbanike, na kubanika kunataka kuni. Miti ya mwambao na visiwani ikaliwa na samaki. Halafu viwanda vikaja, minofu ikaruka Ulaya, na watu wakajenga nyumba. Hilo nalo ni kweli, na ukienda mwaloni ukasema sangara ni laana utatazamwa kama mwehu.

Nilikwenda Rubondo kwa kazi, nikitokea Kasenda karibu na Muganza. Ni mwendo mfupi kwa boti. Kiongozi wetu alikuwa mzee kidogo wa makamo, mtaratibu, anayejua kila jiwe. Tuliburuza chambo bandia nyuma ya boti karibu saa mbili bila kitu. Kisha fimbo ikapinda.

"Usimvute kwa nguvu, mwanangu," aliniambia. "Mwache akimbie. Akichoka atarudi mwenyewe."

Nikiri, ilikuwa raha. Mikono inatetemeka, unasahau hata unapumua. Samaki alipofika alikuwa mdogo kuliko kelele zangu, kilo sita au saba. Mzee alimtoa ndoano, akamshika majini mpaka alipojitingisha, akamwachia.

"Mzee wangu, huyu nyumbani angekuwa mboga," nikamwambia.

"Ya siku mbili," akajibu. "Ila humu huwezi. Kijana wangu anavua kule nje, akiingiza wavu huku ndani anafungwa."

Hakulalamika, aliisema kama mtu anayekutajia bei ya sukari. Na sheria ina mantiki yake: maji ya hifadhi ni mazalia, samaki wanaokulia mle hutoka wakavuliwa nje. Naunga mkono mazalia yalindwe. Kinachonikaa kooni ni mpangilio. Watu waliokuwa wakiishi Rubondo waliondolewa miaka ya 1960, kisiwa kikaletewa wanyama, wakiwemo sokwe waliotoka bustani za wanyama za Ulaya kwa juhudi za Bernhard Grzimek. Mwaka 2018, kwenye Operesheni Sangara, nyavu haramu zilichomwa moto kando ya ziwa na wavuvi wakatozwa faini kwa kuvua samaki wachanga. Anayevua kwa njaa anapimiwa samaki kwa rula. Anayevua kwa raha anapewa kiongozi na maji ya kunywa.

Fedha za huyo wa raha zinasaidia kulipa doria, najua, na mzee wangu yule analipwa mshahara kutokana nazo. Bado nilitamani kuona, mahali fulani pale kambini, ubao mmoja unaomweleza mgeni kwamba samaki aliyelipia kupigana naye aliletwa hapa na watu wa aina yake, na kwamba kabla yake kulikuwa na mamia ya wengine.

Wiki hiyohiyo nilipita Ngara. Pale Benaco magari makubwa hupumzika kabla ya kushuka Rusumo kuingia Rwanda, na mwanamke mmoja alikuwa akiuza kayabo, sangara wa kupasuliwa na kukaushwa kwa chumvi, mgumu kama ubao. Mwingi hupelekwa Kongo. Nilimuuliza kama anajua furu.

"Furu?" akacheka. "Bibi yangu ndiye alikuwa anawataja. Wewe unanunua au hununui?"

Nikanunua vipande viwili.