Fira wa Msituni
Fira wa msituni (Naja subfulva) ni nyoka mwenye sumu kali, akaaye misituni na migombani magharibi ya Ziwa Victoria, upande wa Bukoba na Muleba. Urefu wake waweza kupita mita 2. Huogelea na kukwea miti, akila vyura, samaki na panya. Akighadhibika huinua kichwa na kutanua shingo, wala hatemi sumu kama swila, bali huuma, na sumu hiyo hulegeza viungo hata pumzi ikakatika. Kwa hiyo aliyeumwa apelekwe hospitali bila taakhira, wala asichanjwe. Sura ya fira aliyetanua shingo ndiyo iliyosawiriwa katika Arbok, kiumbe wa sumu wa mchezo wa Kijapani wa Pokémon, uliotoka mwaka 1996.