Kompyuta ya jikoni iliyokosa mnunuzi, na programu za nyumbani za leo

Siku hizi naulizwa sana kama inafaa kulipia programu ya simu ya kupanga mambo ya nyumbani: matumizi, akiba ya chakula, zamu za kazi, madeni ya duka. Kabla hujatoa hela, tuangalie vitu hivi vimetoka wapi.

Mwaka 1969 huko Marekani, duka la kifahari la Neiman Marcus lilitangaza kwenye katalogi yake ya Krismasi kompyuta ya jikoni iliyotengenezwa na kampuni ya Honeywell. Bei yake ilikuwa dola 10,600. Ilizidi kilo 45, na juu yake kulikuwa na ubao wa kukatia mboga. Kazi yake ilikuwa kutunza mapishi na kumsaidia mama kupanga milo. Lakini haikuwa na kioo wala vitufe vya herufi. Ulibonyeza swichi, kisha majibu yakaja kwa taa za kuwaka na kuzima ambazo ulipaswa kuzitafsiri mwenyewe. Ndiyo maana bei ilikuwa pamoja na mafunzo ya wiki mbili! Hakuna ushahidi kwamba hata moja ilinunuliwa.

Sishangai. Mama ana sufuria motoni na mtoto mgongoni, halafu asome taa? Walianza na mashine, ndipo wakaitafutia kazi nyumbani.

Jeff Hawkins, Mmarekani pia, alianza na mtu. Miaka ya tisini alikata kipande cha mbao kinachoingia kwenye mfuko wa shati, akawa anatembea nacho. Akiombwa miadi anakitoa na kujifanya anaandika. Kwa njia hiyo alijua nini kinahitajika na nini ni mzigo. Kifaa chenyewe, Pilot, kilitoka 1996 kikiwa na mambo machache: kalenda, majina na namba za simu, orodha ya kazi, na daftari dogo. Kiliuzwa sana, na mambo hayo manne yamo hadi leo kwenye simu kubwa, bila malipo.

Jirani zetu Kenya walipata iCow mwaka 2011, kazi ya Su Kahumbu, mkulima wa kilimo hai. Kitochi kilitosha. Mfugaji anasajili tarehe ng'ombe alipopandishwa, kisha meseji zinamfuata kumkumbusha. Kwa mfugaji mdogo, zizi ni sehemu ya nyumba.

Kwa hiyo ukiletewa programu, muulize mwenye nayo: itanikumbusha yenyewe, au mimi ndiye nikumbuke kuifungua? Mtandao ukikata, madeni yangu nitayaona? Na hili wengi hawalifikirii: kama nyumba ina simu moja, na baba ameondoka nayo kwenda mnadani, orodha ya mama iko wapi?

Usiye na huduma kama ile ya Kenya, kalenda ya ukutani inatosha. Andika siku ng'ombe alipopandishwa, hesabu siku 283 hivi hadi kuzaa, kisha rudi nyuma siku 60 uweke alama ya kumkausha maziwa. Aliyepandishwa tarehe 1 Machi anatarajiwa kuzaa karibu na tarehe 9 Desemba, na anakaushwa tarehe 10 Oktoba.