Tristan da Cunha: kisiwa ambacho volkano iliwafukuza watu, nao wakarudi

Sisi wakaaji wa Goma hatuhitaji kuelezwa volkano ni nini. Tuliona moto wa Nyiragongo tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, tukauona tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, ulipofika mpaka Buhene. Leo nawaletea habari za watu wengine waliokimbia kama sisi.

Tristan da Cunha ni kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Atlantiki, upande wa kusini. Kutoka Cape Town ni zaidi ya kilomita 2,700, na hakuna uwanja wa ndege. Kisiwa chenyewe ni mlima wa volkano ulioota toka chini ya bahari, na kilele chake kinapita mita 2,000. Wareno walikiona mwaka 1506. Waingereza waliweka askari huko mwaka 1816, na mmoja wao, William Glass, akabaki na familia yake. Hapo ndipo kijiji kilianzia.

Volkano ilikuwa kimya muda wote huo, hata watu wakadhani imekufa. Lakini mwezi wa nane 1961 ardhi ilianza kutetemeka. Mawe yakaporomoka mlimani. Mwezi wa kumi, udongo ukavimba na kupasuka karibu kabisa na nyumba. Watu wote, zaidi ya 260, wakapanda mashua na kuondoka. Hakuna aliyekufa kwa moto huo. Lava yao ilikuwa nzito, ikitembea polepole. Yetu ya Nyiragongo ni nyepesi, hukimbia kama maji. Kwa hiyo wao walipata nafasi ya kukimbia, nafasi ambayo sisi mara nyingi hatuipati.

Walipelekwa Uingereza, wakawekwa kambini. Walipewa makao na kazi, lakini baridi na magonjwa ya kifua viliwatesa. Wakubwa wa serikali walifikiri watazoea. Wao hawakuacha kuuliza: tutarudi lini?

Wataalamu walitumwa mwaka 1962 kuchunguza mlima. Wakakuta nyumba karibu zote zimesimama, ingawa lava ilikuwa imezika kiwanda cha kamba wa baharini na ufuko wa kutilia mashua. Mwisho wa mwaka huo watu wazima wakapiga kura: 148 walitaka kurudi, 5 walitaka kubaki. Mwaka 1963 wakarudi, kisha bandari mpya ikajengwa.

Mlima haukufa. Mwaka 2004 volkano ililipuka chini ya bahari karibu na hapo, mawe mepesi yakaelea hadi ufukoni. Lakini watu bado wanaishi kisiwani.

Ninyi mnaonisikiliza mkiwa kambini ao kwa jamaa, oneni jambo moja: kwanza mlima ulichunguzwa, halafu wenyewe wakaulizwa. Aliyehamishwa ana haki ya vyote viwili: kuambiwa ukweli juu ya hatari, na kusikilizwa anaposema anataka kurudi kwake.