Maji kama uzi: kutoka Roma hadi jikoni kwa mama

Mwezi uliopita fundi alisimama jikoni kwa mama yangu, akalitazama bomba la sinki linalotoa maji kama uzi, akasema ukuta uvunjwe na mabomba ya ndani yabadilishwe yote. Mama alishaanza kuhesabu hela. Mimi si fundi, ila nasoma mambo ya mwendo wa maji, nikamwomba anipe siku moja. Watu wamehangaika na swali hili kwa karibu miaka 2,000, na majibu yao bado yanafaa.

Tuanzie Roma. Mwaka 97 BK, Sextus Julius Frontinus alikabidhiwa usimamizi wa maji ya mji ule. Alilinganisha vitabu vya hesabu na maji yenyewe, akakuta havilingani. Kila mwenye kibali alipaswa kupokea maji kupitia mdomo wa shaba nyeusi, wenye upana uliopimwa na kupigwa muhuri. Wajanja waliweka midomo mipana zaidi, wengine wakatoboa mabomba njiani. Frontinus aligundua pia kwamba mdomo ukiwekwa chini zaidi, unavuta maji mengi zaidi. Yaani aliona mambo mawili makubwa: upana wa tundu na kimo cha maji. Kasi ya maji hakuwa na namna ya kuipima.

Hesabu kamili ya upana ilisubiri hadi karne ya 19. Jean Poiseuille, daktari Mfaransa, alitaka kujua damu inapitaje kwenye mishipa myembamba, akapitisha maji kwenye vijibomba vyembamba vya kioo. Mhandisi Mjerumani, Gotthilf Hagen, alifikia jibu hilohilo kivyake mwaka 1839. Jibu lenyewe linashtua: ukipunguza kipenyo kwa nusu, maji yanabaki 1/16! Hapo tunazungumzia maji yanayopita kwa utulivu. Kwenye mabomba ya nyumbani maji huvurugika, kwa hiyo hasara ni ndogo kidogo, lakini bado unabaki na kama 1/6 tu. Ndiyo maana kutu au mchanga kidogo unatosha kukukosesha maji.

Halafu kuna historia yetu wenyewe. Miaka ya 1960, Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza matumizi ya maji majumbani Kenya, Uganda na Tanzania. Kitabu chao, Drawers of Water, kilitoka mwaka 1972. Watafiti waliporudi sehemu zilezile miaka ya 1990, walikuta nyumba zenye bomba zinatumia karibu nusu ya maji ya zamani kwa kila mtu. Sababu kubwa ni kwamba maji yalikuwa hayatoki kwa uhakika. Kwa hiyo wakati mwingine tatizo haliko kwako kabisa.

Sasa unganisha hayo matatu. Kabla ya kuvunja chochote, fanya kama Frontinus: pima. Weka ndoo ya lita 10 na uangalie saa. Kisha pima bomba jingine la nyumbani. Yote yakiwa dhaifu, angalia koki kuu, kimo cha maji kwenye simtanki (kila mita 1 ya kimo inaongeza presha ya takriban bar 0.1), au waulize majirani kama kwao yanatoka. Likiwa dhaifu moja tu, shida iko karibu na bomba hilo.

Kwa mama, la bafuni lilikuwa sawa. La jikoni lilichukua dakika 4 kujaza ndoo. Nilihakikisha koki ya chini ya sinki imefunguka yote, nikafungua kile kichujio kidogo kwenye mdomo wa bomba. Kilijaa mchanga na vipande vya kutu. Nikakiloweka kwenye siki usiku mzima, nikakisugua kwa mswaki wa zamani, nikafungulia maji kidogo bila kichujio ili uchafu utoke, nikakirudisha. Ndoo ikajaa kwa dakika 1 na sekunde 20.

Mama alifurahi, ila sikumficha: ile kutu imetoka mahali. Mabomba yake ya chuma yanazeeka, na siku moja yatabadilishwa. Lakini sasa ana muda wa kujipanga, na ukuta wake bado umesimama. Na wewe, ukimaliza kusoma, kafungue kichujio chako uone kilichomo.