Kipusa cha Maskati na Mcheshi wa Anga

Neno kipusa lina maana mbili katika Kiswahili: pembe ya kifaru, na msichana mzuri. Maana ya kwanza ina historia hapa Maskati. Katika karne ya 19 vipusa vilishuka kutoka bara hadi Unguja, vikavuka bahari pamoja na pembe za ndovu. Mafundi wa Oman wakavichonga mipini ya hanjari, iliyothaminiwa kupita ya mti. Hanjari ilifungwa viunoni mwa masultani wa Unguja, na tangu 1970 imo katika bendera ya Oman.

Ndiyo maana kitabu kimoja cha Mwingereza Douglas Adams (1952–2001) kinatuhusu. Adams alivuma mwaka 1978 kwa mchezo wa redio wa BBC, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy. Humo Dunia inabomolewa ili kupisha njia ya vyombo vya angani. Watu wanapolalamika, wanajibiwa kwamba ramani zilikwishawekwa wazi siku nyingi, ila katika ofisi iliyo kwenye nyota nyingine.

Mzaha huo ulimpeleka kwenye jambo la kweli. Akiwa na mtaalamu wa wanyama, Mark Carwardine, alizunguka ulimwengu kuwatafuta viumbe waliokaribia kutoweka; kitabu chao, Last Chance to See, kilitoka 1990. Huko Garamba, Zaire, waliwaona vifaru weupe wa kaskazini, wachache mno, na Adams akaeleza jinsi pembe za vifaru zilivyoishia kuwa mipini ya majambia ya Yemen. Mwaka 1994 alishiriki safari ya kupanda Kilimanjaro ya kuchangia uokoaji wa vifaru, na kwa sehemu ya njia alivaa vazi la kifaru.

Katika hadithi yake, Dunia haiangamizwi kwa chuki, bali kwa watu kutimiza kazi zao. Kifaru naye hakuwa na adui mmoja: mwindaji alitafuta riziki, tajiri faida, fundi sifa, na mvaaji heshima. Mwaka 2018 Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta, Kenya. Wakabaki majike wawili, Najin na Fatu.

Heshima ya hanjari haipungui kwa kuyajua haya. Lakini anayeisimulia historia yake asianzie bandarini Unguja. Aanzie porini, alikoanguka mwenye pembe.