Kwa nini viinitete vya ng'ombe vya maabara hufa vikigandishwa, na jinsi vinavyonusuriwa

WAFUGAJI wanaouza mazao yao katika soko la Gakoromone, mjini Meru, wamezoea kumwona mtaalamu wa kupandisha ng'ombe akifika na mtungi wa naitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri. Humo mbegu za fahali hukaa miaka mingi bila kuharibika. Kiinitete cha siku saba nacho huhifadhiwa vivyo hivyo, ila hakistahimili baridi kama mbegu, na kilichotengenezwa maabarani ndicho dhaifu zaidi.

Kwa mfugaji mdogo, udhaifu huo ni hasara. Mbegu humpa ndama aliyerithi nusu kwa fahali bora na nusu kwa ng'ombe wake. Kiinitete humpa ndama wa uzao bora kwa pande zote mbili, hata akibebwa na ng'ombe wa kienyeji. Lakini kiinitete kikifa, gharama yote imepotea, na ng'ombe aliyeandaliwa hula bure hadi arudi kwenye joto, mzunguko wa takriban siku 21.

Historia

Ndama wa kwanza kutokana na kiinitete kilichogandishwa, Frostie, alizaliwa Uingereza mwaka 1973 kwa juhudi za Ian Wilmut na Tim Rowson wa Cambridge. Kiinitete hicho kilitolewa tumboni mwa ng'ombe. Ndama wa kwanza ambaye yai lilirutubishwa maabarani, Virgil, alizaliwa Marekani mwaka 1981. Kufikia 2016, takwimu za kimataifa zilionyesha viinitete vya ng'ombe vya maabara vikizidi vya tumboni kwa mara ya kwanza. Nchini Kenya, kazi hiyo imefanywa na watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI na wa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kinachoua

Adui wa kwanza ni barafu. Maji yaliyo ndani ya seli yakiganda, chembe zake huchoma utando kama sindano. Adui wa pili ni mafuta. Kiinitete kilichokuzwa katika majimaji yenye seramu ya damu ya ndama hujaa matone ya mafuta, kikawa cheusi, na baridi hukiumiza upesi. Viinitete vya ng'ombe wa Jersey huathirika zaidi kuliko vya Friesian kwa sababu hiyo.

Tiba

Kwanza ni malezi. Watafiti wa Dublin walionyesha mwaka 2002 kwamba mayai yaliyorutubishwa maabarani, kisha yakakuzwa ndani ya mrija wa uzazi wa kondoo, yalitoa viinitete vilivyostahimili baridi zaidi. Kwa hiyo maabara nyingi hupunguza au huacha seramu, na baadhi huongeza kanitini, inayosaidia seli kuunguza mafuta.

Pili ni namna ya kugandisha. Njia ya polepole hukiloweka kiinitete katika ethilini glikoli, kemikali itumikayo pia katika rejeta za magari, kisha hukipoza kidogo kidogo hadi nyuzi 30 hivi chini ya sufuri kabla ya kukitumbukiza katika naitrojeni. Njia ya haraka, iliyoelezwa na Rall na Fahy mwaka 1985 kwa viinitete vya panya, hupoza ghafla, maji yakawa kama kioo bila kufanya barafu. Hii huvifaa zaidi viinitete vya maabara, lakini kwa kawaida huhitaji darubini na fundi stadi wakati wa kuyeyusha. Ile ya polepole huruhusu mrija kuyeyushwa na kutumiwa zizini papo hapo.

Mfugaji afanye nini?

Kabla ya kulipa, na aulize kiinitete kilizalishwa wapi, kiligandishwa kwa njia gani, na nani atakiyeyusha. Ng'ombe atakayekipokea awe na afya, na awe ametimiza takriban siku saba tangu alipoonyesha joto. Maabara hodari haiwezi kufidia siku zilizohesabiwa vibaya zizini.