Mwaka 2009: Kebo Ilipoingia, GeoCities Ilipozimwa

Wakenya wengi wanaofuatilia teknolojia wanaukumbuka mwaka 2009 kwa sababu ya kebo. Kabla ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, ikija polepole na kwa bei ya kukausha mfuko. Kisha kebo ya TEAMS ikafika Mombasa kupitia chini ya bahari, na mwezi Julai ile ya SEACOM ikaanza kazi. Tulishangilia, na tulikuwa na haki.

Mwaka huohuo, tarehe 26 Oktoba, kampuni ya Yahoo ilizima GeoCities. Hilo halikuzungumzwa sana huku kwetu, lakini mimi naona matukio haya mawili yafaa yasimuliwe pamoja.

Kwa wasioijua, GeoCities ilianzishwa Marekani mwaka 1994 na David Bohnett na John Rezner. Ilimpa mtu yeyote nafasi ya bure ya kuweka kurasa zake. Kurasa zilipangwa kwa mitaa: mambo ya kompyuta yalikuwa mtaa wa SiliconValley, ya filamu Hollywood. Yahoo iliinunua mwaka 1999 kwa mabilioni ya dola. Miaka kumi baadaye ikatangaza kuifunga, na wenye kurasa wakapewa miezi michache wahamishe vitu vyao. Lakini je, aliyejisajili mwaka 1997 na kubadilisha barua pepe mara tatu angepataje habari? Na aliyefariki je?

Kilichopona kilipona kwa sababu watu walikinakili. Internet Archive, ghala alilolianzisha Brewster Kahle mwaka 1996, lilikusanya kurasa nyingi. Archive Team, kikundi cha watu wa kujitolea alichokianzisha Jason Scott mwaka huohuo wa 2009, kilishusha kurasa nyingine kabla mlango haujafungwa. Mwaka 2010 kikazigawa kwa torenti, mamia ya gigabaiti. Hata hivyo si zote zilizookolewa.

Sasa turudi kwenye kebo. Sisi tuliojifunza kuandika programu kwenye saiba tulilipa kwa dakika. Hakuna aliyekaa pale akasoma somo zima la HTML, pesa zingeisha kabla ya aya ya tatu. Ulifungua kurasa haraka haraka, ukazihifadhi kwenye disketi, ukaenda kuzisoma kwingine. Disketi ya megabaiti 1.44 ilibeba kurasa zaidi ya 60 za kilobaiti 20, na hayo yalikuwa masomo ya mwezi mzima.

Hatukujiita wahifadhi wa historia. Ulikuwa ubahili tu! Lakini masomo kadhaa niliyoyatoa GeoCities enzi hizo ninayo hadi leo, kwa kuwa yalihama kutoka disketi hadi CD, kutoka CD hadi diski ya kompyuta. Aliyeyaandika simjui, na anwani yake ya zamani haifunguki. Kazi yake, iliyonifundisha riziki yangu, ningeipata wapi leo?

Intaneti iliposhuka bei, tabia hiyo ikafa. Kwa nini uhifadhi kitu unachoweza kukifungua tena kesho? Tukaanza kuhesabu kiungo kama mali, ilhali kiungo ni anwani tu. Hakisemi kama mwenye nyumba bado yupo.

Na hawapo wengi. Mwaka 2019 MySpace ilikiri kupoteza nyimbo zilizopakiwa katika miaka yake 12 ya kwanza. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew kilieleza kuwa asilimia 38 ya kurasa zilizokuwepo mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Hata Internet Archive ilishambuliwa na wadukuzi Oktoba 2024, ikawa nje ya mtandao kwa siku kadhaa.

Basi ushauri wangu ni mfupi. Ukurasa unaokusaidia kazini au unaokugusa moyoni, uhifadhi leo. Tumia wget au kivinjari chako, andika anwani na tarehe uliyoupata, kisha weka nakala mahali pawili. Anza na vitu vyako mwenyewe: picha, barua, programu ulizoandika. Bando limekuwa nafuu kuliko zamani, na diski ina nafasi.